Ufunguo wa Yule wa Aproni ya Kijani

Hapo zamani, na msianze kuniuliza zamani ipi, maana ni ya juzijuzi tu, walikuwapo watu waliokula kila siku bila kujua wanalishwa na nani. Mnacheka? Chekeni. Kicheko hicho nitakirudia kabla sijamaliza.

Tanga mjini, kule Ngamiani ambako barabara huitwa kwa namba, palikuwa na hoteli ya Mama Kidawa. Hoteli ya kula, si ya kulala. Meza saba, benchi mbili, na wahudumu watatu. Wa kwanza Mwatumu, mjane wa makamo, ambaye miguu yake ilivimba kila ilipofika alasiri. Wa pili Hoza, mwanamume mrefu aliyeshuka kutoka milima ya Usambara akamwacha mkewe huko juu, akawa anamwona mara mbili kwa mwaka. Wa tatu Mwanamkasi, binti wa Kidigo mwenye ulimi mkali, aliyelala chumba kimoja na wadogo zake wanne. Wote watatu walivaa aproni za kijani, kwa sababu Mama Kidawa alinunua jora zima la kitambaa cha kijani kwa bei ya chee na hakutaka libaki.

Juu ya kaunta palikaa mkebe wa maziwa ya unga. Mteja akiridhika, anatia bakshishi mkebeni, na Ijumaa jioni watatu wale wanagawana sawa kwa sawa. Lakini ilikuwapo na desturi ya pili. Mteja akisema, "Hii ya Hoza," au, "Hii mpeni Bi Mwatumu," basi hiyo ni ya aliyetajwa peke yake, haipiti mkebeni. Desturi hiyo ikumbukeni. Msije mkaniuliza baadaye.

Sasa, palikuwa na mteja mmoja, Mzee Mbaruku. Zamani alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge. Alipostaafu alijenga nyumba yenye fremu tatu za biashara upande wa barabarani. Huyu alikula kwa Mama Kidawa miaka tisa. Miaka tisa, jamani! Saa saba mchana unamwona anaingia, anaketi meza ya dirishani, anafungua gazeti, anapiga makofi mawili. Pa! Pa!

"Wewe! Maji ya kunawa."

Anayeletwa na zamu anakuja na birika na beseni, anamnawisha.

"Wewe! Wali."

Anakuja na wali wa nazi.

"Wewe! Mwatiko, na pilipili pembeni."

Anakuja na mwatiko, samaki mtamu ambaye miba yake haina idadi. Na mzee yule akisharudishiwa chenji yake, hata ikiwa ya sarafu moja, anaitia mfukoni, anakunja gazeti, anaondoka. Mkebe ule hakuupa hata senti. Jina la mtu hakuuliza hata siku moja. Na msimtafutie udhuru kwamba alikuwa haoni. Macho yake yalikuwa mazima. Mpaka anakufa alisoma gazeti bila miwani. Hakuinua tu uso.

Mwaka wa saba mzee akapata kiharusi kidogo. Mguu ukapona, ulimi ukapona, mkono wa kulia ukabaki umelala. Akarudi hotelini akiuficha mkono wake chini ya meza, na makofi yake sasa akiyapiga juu ya meza kwa kiganja cha kushoto.

Mwatumu akaja na birika. Aliona, hakuuliza. Alimwelekeza kwenye kiti kinachotazama ukuta, ili watu wasimwone, akauchukua ule mkono uliolala akaunawisha kwa maji ya uvuguvugu na kipande cha ndimu, kidole baada ya kidole, kama anavyonawishwa mtoto. Kesho yake vilevile. Kesho kutwa vilevile. Miaka miwili alimnawisha namna ile, amesimama kwa miguu yake iliyovimba, na mzee anatazama gazeti.

Hoza naye akaona jambo. Mtu mwenye mkono mmoja wa kushoto hawezi kuchambua mwatiko. Basi kila siku, kabla hajamtoa samaki jikoni, alikaa juu ya kigoda akamtoa miba yote, kisha akamrudishia ngozi yake vizuri, usingejua kwamba ameguswa. Kazi ile ilimlia nusu saa, na hiyo ndiyo nusu saa yake ya kula, kwa hiyo Hoza alikula ugali umepoa, amesimama mlangoni. Shukrani yake ilikuwa nini? Siku moja mzee aligonga sahani kwa kijiko:

"Wewe! Mbona samaki huyu kama amechezewa?"

"Samahani, mzee wangu," akasema Hoza, na mambo yakaishia hapo. Mimi ningemmwagia mchuzi. Lakini mimi si Hoza.

Akabaki Mwanamkasi. Siku hiyo hoteli imejaa, mchuzi umechelewa kidogo, mzee akapiga makofi, akapiga tena, halafu akamfyonyea na kumwita "Psst!" Mwanamkasi akaitua sinia mezani.

"Shikamoo, babu. Mimi paka?"

Hoteli nzima ikageuka kumtazama.

"Nakuuliza kwa adabu, babu yangu. Psst anaitwa paka. Makofi anapigiwa kuku. Mimi nina mama aliyeniuguza na jina alilonipa. Leo huli hapa mpaka useme tafadhali."

Mzee akakunja gazeti, akatoka. Mama Kidawa akamkata Mwanamkasi mgao wake wa mkebe kwa mwezi mzima, na wadogo zake walikula mihogo mitupu mwezi ule. Siku tatu mzee hakuonekana. Siku ya nne akaja, akaketi, hakupiga makofi. Akasema taratibu, macho kwenye gazeti:

"Tafadhali. Maji ya kunawa."

Alimwambia nani? Alimwambia Mwatumu, ambaye wala hakuwa amemgombeza! Nikikumbuka hapo nataka kulia na nataka kupiga meza. Lakini tangu siku ile makofi yalikoma, hata wateja wengine wakajirekebisha, na wote watatu wakapumua.

Baada ya mwaka mmoja Mzee Mbaruku akafariki. Wahudumu watatu walikwenda mazikoni, na hakuna aliyewatuma. Ilipokwisha hitima, Sheikh Makame wa msikiti wa jirani akamwita Mama Kidawa na watu wake. Alikuwa ameshika karatasi na ufunguo mmoja. Pembeni yake alikaa Hemedi, mtoto mkubwa wa marehemu. Sheikh akasoma:

"Fremu ya kona, ambayo haizidi theluthi ya mali yangu, naiusia kwa yule mhudumu wa aproni ya kijani katika hoteli ya Mama Kidawa. Miaka tisa alinivumilia nami sikumpa kitu. Ni yeye aliyeninawisha mkono wangu uliokufa asinitangaze. Ni yeye aliyenichambulia samaki nikajifanya sijui. Ni yeye aliyeniambia mbele za watu kwamba sina adabu, akanirudisha kwenye utu. Apewe yeye peke yake. Asigawane na mtu, maana hakugawana na mtu tabu yangu. Akikosekana, fremu irudi kwa wanangu."

Mmesikia? Mmesikia lakini? Mwanamume mmoja na wanawake wawili, mmoja mrefu, mmoja mjane, mmoja binti, miaka tisa wanamzunguka, na yeye alimwona mtu mmoja! Aproni inakuja, aproni inaondoka. Kumbe moyoni alishukuru. Alishukuru kwa machozi huenda. Lakini shukrani yake ilikuwa ile isiyopita mkebeni, tena haikuwa na jina, na lau angeuliza jina siku moja tu, tusingekuwa hapa tunachoshana.

Hemedi akatabasamu. "Sheikh, mtu huyo hayupo. Marehemu alikosea. Fremu inarudi kwetu."

"Ngoja," akasema Sheikh Makame. "Wasia wa maiti hautupwi hivihivi. Mmoja wao lazima alikuwa moyoni mwake zaidi ya wenzake. Nawapa mpaka Ijumaa. Wakipatana ni nani, namkabidhi ufunguo. Wasipopatana, Hemedi atachukua."

Fremu ya kona, jamani, mnajua maana yake? Mwatumu angekaa kwenye kiti auze vitenge, miguu ipumzike. Hoza angefungua genge la mboga za milimani na kumshusha mkewe. Mwanamkasi angeweka cherehani, na nyuma wadogo zake wakapata pa kulala. Siku nne walihudumu bila kutazamana. Watu waliokuwa wakichekana kutwa nzima sasa wanapishana mlango wa jikoni kimya.

Ijumaa baada ya sala, sheikh akaja hotelini, nami nimo, meza ya nyuma. Akauweka ufunguo juu ya meza ya dirishani. "Semeni," akasema.

Akaanza Mwatumu. "Sheikh, mimi nilimshika. Hawa wenzangu walimhudumia, sikatai, lakini mkono wa mgonjwa niliushika mimi. Aibu yake niliijua mimi, nikaisitiri. Alipoandika wasia, kitu cha kwanza alichokitaja ni mkono wake. Cha kwanza ndicho kilichomkaa moyoni."

Akafuata Hoza. "Bi Mwatumu, kunawisha ni kazi yetu, sote tunanawisha. Wewe ulizidisha ndimu. Mimi kuchambua samaki haikuwa kazi yangu. Nilitoa saa yangu ya kula, nikatukanwa juu yake. Tena mimi nilificha hata kwake mwenyewe. Aliyetoa bila kutaka kuonekana, huyo ndiye."

Akafuata Mwanamkasi, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kaka Hoza, shikamoo yako. Bi Mwatumu, shikamoo yako. Nyinyi mlimpa alichokitaka. Mimi nilimpa asichokitaka. Mwaka mlionawisha na kuchambua mkiwa kimya, yeye alizidi kupiga makofi. Ni mimi niliyekatwa mgao. Bila neno langu angekufa vilevile alivyoishi, na karatasi hii isingeandikwa. Mnagombania mti nilioupanda mimi."

"Ungeupanda wapi," akasema Mwatumu, "kama mimi sikumfanya arudi? Ulimfukuza, mwanangu. Siku ya nne alirudi kwa ajili ya nani? Hakuna hoteli nyingine ambayo wangeuosha mkono ule."

"Wala hakuna ambayo angekula mwatiko bila kukabwa," akasema Hoza.

Nilidhani yameisha. Hayajaisha! Mama Kidawa akajifunga khanga kiunoni. "Sasa nisikilizeni na mimi. Marehemu hakumwona Mwatumu, hakumwona Hoza, hakumwona Mwanamkasi. Aliona aproni. Na aproni ni za nani? Jora nimenunua mimi!" Sheikh alimtazama mpaka akakaa mwenyewe.

Hoza akakohoa. "Sheikh, mmoja wetu achukue kwa jina, kisha tugawane kimyakimya."

"Karatasi imekataza," akasema sheikh. "Na mimi nimeshakusikia."

Hemedi aliyekuwa akisubiri kwenye meza ya pili alitazama saa yake. Alikuwa na njaa, na alikuwa na furaha. Akaegemea kiti, akafungua simu yake, na bila kuinua uso akapiga makofi mawili. Pa! Pa!

"Wewe! Niletee chai wakati mnafikiri."

Hakuna aliyetikisika. Mwatumu alimtazama Hoza. Hoza alimtazama Mwanamkasi. Ilikuwa mara ya kwanza kutazamana tangu Jumatatu.

"Unamwita nani?" akauliza Mwanamkasi.

Hemedi akainua kichwa. Alikuwa amekula hapo na baba yake mara nyingi. Akafungua mdomo, akautazama uso wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaufunga mdomo. Mwatumu akavuta kiti akaketi. Hoza akaketi. Mwanamkasi akaketi. Chai haikuja, na hakuna aliyeinuka kuifuata.

Sheikh Makame akauchukua ufunguo, akaupima kwenye kiganja. Jua lilikuwa limeshapinda, muda wa Ijumaa unakwisha. "Neno la mwisho," akasema, "au nimpe huyu aliyepiga makofi?"

Na mimi hapo ndipo nilipotoka, maana sikuweza kuvumilia. Nimewaletea nyinyi. Lakini kwanza wewe uliyecheka pale mwanzo, na wewe unayejisafisha meno kwa njiti: aliyewaletea chai ya asubuhi leo anaitwa nani? Haya. Basi jibuni kwa adabu. Mwatumu aliyeushika mkono, Hoza aliyetoa miba, Mwanamkasi aliyesema neno. Mlango ni mmoja, ufunguo ni mmoja, na marehemu hawezi tena kuinua uso akatuonyesha.

Je, ufunguo ni wa nani?