Pampu ya Nusu Kilo

"Uzito wa pampu haupimwi kwa mizani." Mmemsikia mama yenu mdogo akimwambia mumewe maneno hayo leo asubuhi, mkacheka kama watu walioelewa, kisha mkaja kuniuliza yametoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii haikuachwa na mababu wa kale. Chanzo chake ni kambi ya warina asali kwenye mto Ugala, na mwanamke mmoja aliyechoka. Ilikuwa hivi.

Mwanamke huyo aliitwa Kalunde. Alikuwa mpishi wa kikundi cha warina asali, watu wanane, na kafi alipiga kama wenzake. Kila mwaka mvua zilipokatika, walipakia mitumbwi miwili, wakashuka na mto siku mbili hadi porini walikotundika mizinga yao, wakapiga kambi wiki nzima. Mumewe alibaki nyumbani na tumbaku. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Mihambo, kaka mkubwa wa mumewe. Mihambo alikuwa mtu mwema na mchapakazi, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: mizani. Alimiliki ile mizani ya ndoano ya kupimia ndoo za asali, na hakuna kitu kilichopanda mtumbwini kabla ya kuning'inizwa hapo. Sufuria, mahema, hata mfuko wa chumvi.

"Kilo moja ya takataka," alizoea kusema, "ni kilo moja ya asali tuliyoiacha porini."

Sasa, msimu uliotangulia maji ya mto yaliwaharisha watu watatu. Mmoja wao, Lubago, alirudishwa nyumbani amelazwa juu ya ndoo, macho yameingia ndani, wakidhani watamfikisha maiti. Si kwamba Kalunde hakuchemsha maji. Alichemsha. Lakini mtu aliyetoka kwenye moshi wa mizinga, jua la saa nane, hasubiri maji yapoe. Huinama mtoni akanywa kama ng'ombe. Kwa hiyo kikundi kikaafikiana: safari ijayo tununue chujio.

Kalunde na Mihambo wakaenda Tabora mjini, kwenye duka la vifaa vya safari. Muuzaji akawawekea mezani machujio mawili. La kwanza lilikuwa ndoo mbili zilizopandana: unamimina maji ya mto kwenye ndoo ya juu, yanapita kwenye chujio, yanadondoka yenyewe ndoo ya chini. La pili lilikuwa pampu ndogo, unaitia mfuko wa koti. Mpira mmoja unauzamisha mtoni, mwingine unauelekeza kwenye chupa, kisha unasukuma na kuvuta mpini.

"Shemeji, tuchukue ndoo hizi," Kalunde akasema. "Zitachuja sisi tumelala."

Mihambo alikuwa ameshatoa mizani yake mkobani. Akazitundika ndoo. "Kilo nne." Akaitundika pampu. "Nusu kilo. Shemeji, hapa kuna la kuzungumza?"

"Lipo. Nani atapampu?"

"Sote. Kwa zamu."

"Watu wanane, shemeji, kwa jua lile? Hiyo ni lita thelathini kwa siku."

"Kwa zamu," Mihambo akarudia, kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda.

Muuzaji naye akajaza beseni maji ya bomba, akapampu mara kadhaa, maji yakaruka kwenye glasi. "Ona mama, hata mtoto anaweza."

Kalunde akaipokea pampu. Kubishana na kaka wa mume mbele ya mwenye duka si adabu aliyolelewa nayo. Moyoni alisema: zamu. Haya, tutaiona hiyo zamu.

Siku ya kwanza kambini, pampu iligombewa. Kila mtu alitaka kuijaribu. Lubago alipampu lita tano huku akiimba. Siku ya pili walioimba walikuwa wachache. Siku ya tatu zamu ikaanza kupata maradhi. Mmoja kaumwa na nyuki kiganjani. Mwingine mizinga yake iko mbali, lazima awahi. Lubago, ambaye chujio lilinunuliwa hasa kwa ajili yake, akasema bega lake halijapona tangu mwaka jana, ingawa mwaka jana alichougua ni tumbo. Mihambo zamu yake hakuikataa. Aliisahau tu, kila siku, kwa moyo mweupe kabisa.

"Dada Kalunde si yupo kambini?" wakaambiana. "Atatusaidia."

Atatusaidia! Kana kwamba kambini alikuwa amekaa. Kalunde alisonga ugali wa watu wanane, alikata kuni, alikamua masega, aliosha ndoo. Na katikati ya hayo akachuchumaa kwenye ukingo wa mto, akasukuma na kuvuta, akasukuma na kuvuta. Maji ya Ugala si ya bomba la Tabora. Viboko walikuwa wakiyavuruga usiku kucha, yakawa rangi ya chai ya maziwa. Kila baada ya lita tatu nne pampu iliziba, mpini ukawa mgumu kama umeshikwa upande wa pili. Hapo ilibidi aifungue, atoe kiini cha ndani, akisugue kwa brashi, airudishie, aanze upya. Viganja vikatoka malengelenge. Jioni hakuweza kuinua mkono kufunga kilemba.

Siku ya tano, saa nane mchana, alimaliza dumu la lita ishirini. Mgongo ulikuwa ukimwaka. Alikuwa hajanyoosha hata miguu pale Mihambo alipotoka porini, amejaa asali mpaka viwikoni, jasho linamtiririka. Mihambo akaliinamisha lile dumu, akanawa. Mikono kwanza, kisha uso, kisha shingo, akiguna kwa raha, mpaka dumu likabaki tupu. Mto ulikuwa hatua kumi kutoka aliposimama.

Kalunde akayatazama maji yakizama mchangani. Alitaka kupiga kelele, akahisi akianza hatamaliza. Akainuka, akaenda hemani kwa mwenyekiti, akarudi na mizani. Akaitundika pampu kwenye ndoano mbele ya watu wote.

"Shemeji, nisomee. Inasema ngapi?"

Mihambo akapangusa macho. "Nusu kilo. Kwani vipi?"

"Hakuna kitu. Nilidhani imeongezeka." Akaichomoa, akamwekea mikononi. "Naomba unishikie hiyo nusu kilo mpaka jioni. Mizinga yako iliyobaki nitakwenda kuirina mimi na wenzangu."

"Shemeji, umekasirika?"

"Sijakasirika. Nimechoka. Ukikasirika, kesho yake unasahau. Ukichoka, huwezi kusahau."

Kalunde akajifunga khanga, akachukua kopo la moshi, akaingia porini, na wale sita wakamfuata.

Mihambo akabaki. Lita ya kwanza alipampu kwa haraka, aonyeshe kwamba jambo lenyewe dogo. Ya pili akabadilisha mkono. Ya nne pampu ikaziba. Hakujua inafunguliwa vipi, kwa maana hakuwahi kuifungua. Akahangaika nayo hata akakiangusha kiini matopeni, akakisugua upya. Ya saba, lengelenge likapasuka. Akafikiri kuchota ya mtoni na kujazia, nani atajua? Akamkumbuka Lubago juu ya ndoo, akaona aibu. Akarudi kuchuchumaa.

Waliporudi jua likielekea kuzama, Kalunde amevimba kope moja kwa kuumwa na nyuki, walikuta dumu limefika nusu. Watu wanane, koo kavu, lita kumi. Mihambo alikuwa amekaa chini, viganja vimeelekea juu kama mtu anayeomba dua.

"Hizo ndizo zote, mwenyekiti?" Lubago akauliza.

Mihambo akamnyooshea pampu. "Lubago," akasema, "uzito wa pampu haupimwi kwa mizani. Njoo uchukue zamu yako."

Na Lubago, pamoja na bega lake bovu, akaenda.

Siku mbili zilizobaki zamu ikawa zamu. Msimu uliofuata, walinunua zile ndoo za kilo nne, wakaacha asali ya kilo nne porini, wala hakuna aliyeililia. Mihambo akawa anakisimulia kisa chake kila harusi na kila mkutano, na msemo ukaenea, hadi watu wakauita methali ya Mihambo. Kalunde akiusikia hivyo hugeuza uso pembeni na kusonya. Na ana haki. Mihambo aliubeba uzito ule mchana mmoja tu, akapata methali. Yeye aliubeba siku tatu, akapata malengelenge.

Kwa hiyo mama yenu mdogo alipoambiwa asubuhi kwamba kazi ya nyumbani ni nyepesi, hakuwa akimtukana mtu. Alikuwa akimkumbusha mumewe kwamba kazi aijuaye ni yule ambaye mikono yake imo ndani yake. Uzito wa pampu haupimwi kwa mizani.