Mstari Uliosimama

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Seremala hukipiga randa na kukisifia, lakini anayejikuna ni mwenye kukilalia. Binti mmoja, mtengenezaji wa programu za kompyuta, aliijua methali hii tangu shuleni, na aliwahi hata kupata alama nzuri kwa kuieleza. Kunguni wenyewe walikuwa hawajamuuma.

Alikuwa ametengeneza programu ya kuchora vipimo vya nguo kwa ajili ya mama yake, fundi cherehani, na wenzake tisa wa kikundi chao. Mama alikuwa amewaapia wenzake kwamba kazi ya mwanawe haina doa. Jumamosi kila fundi angeisakinisha mwenyewe kwenye kompyuta yake. Ikiwashinda, wangerudi kwenye makaratasi, na mama angebaki na aibu yake.

Ijumaa asubuhi mama alipiga simu.

"Mwanangu, imenishinda. Mara tatu sasa."

"Mama, si kubonyeza tu? Mbona ni rahisi kama kunywa maji!"

"Kwako wewe uliyeipika, Mtaalamu. Njoo uone."

Alikwenda shingo upande. Aliketi kwenye kigoda katikati ya vipande vya vitambaa, akaahidi kufunga mdomo. Mama alivaa miwani, akabonyeza, akangoja. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye kioo hadi karibu na mwisho, ukasimama tuli. Papo hapo mama akachomoa waya ukutani.

"Mama! Ilibaki kidogo tu!"

"Si imekwama?" mama alimjibu kwa upole. "Cherehani ikikwama unaondoa mguu. Ukilazimisha, sindano inavunjika. Wenzangu wote nimewafundisha hivyohivyo."

Hapo binti alielewa. Mstari ule husimama dakika mbili nzima huku programu ikiandaa michoro kimyakimya. Yeye hutumia muda huo kwenda kumimina chai. Kumbe mafundi wote kumi wangechomoa waya, tena kwa sababu ni mafundi wazuri! Alimwonea mama yake huruma, kisha akajionea haya.

Siku hiyo alifanya kazi palepale, kwenye meza ya kukatia nguo. Aliondoa maswali manne ya usakinishaji yasiyomhusu fundi. Chini ya mstari akaandika maneno aliyochaguliwa na mama: "Sijakwama. Naandaa mchoro wa 1 kati ya 40. Usizime." Kila mchoro ukikamilika, namba inasogea.

Jumamosi kompyuta kumi ziliwashwa. Mistari ikatambaa, ikasimama. Fundi mmoja mnene alipeleka mkono kwenye waya, mama akabana pumzi. Fundi akasoma, akaurudisha mkono.

"Ah, kumbe bado inashona," alisema.

Chumba kizima kikacheka. Zote kumi zilikubali.

"Si niliwaambia haina doa?" mama alijigamba, akimkumbatia binti yake.

"Lilikuwepo, mama. Nisingeliona bila kukaa kwenye kigoda chako," binti alisema. "Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."