Wodi Isiyoitika Hodi

Acheni kujipepea na vitabu vya nyimbo, joto halijaua mtu humu. Nisikilizeni.

Alikuwepo binti mmoja aliyemaliza shule ya udaktari katika jiji kubwa. Akaambiwa achague hospitali ya utarajali, yaani ule mwaka wa kujifunza kazi kwa kuishika. Na daktari hufanana na wodi iliyomlea. Hilo alilijua, ndiyo maana akaenda kuzikagua kwanza. Angekuwa mmoja wenu angeuliza habari za kantini.

Ya kwanza ilikuwa vurugu. Alipopiga hodi wodini, aliitikiwa na mtu aliyelala sakafuni: "Karibu daktari, ila usinikanyage, mguu wenyewe umebaki huu." Watoto wanalia, mama mmoja anamsema muuguzi, muuguzi anamjibu huku anamtundikia mtoto wake dripu. Binti akatoka kichwa kinamgonga.

Hospitali ya pili, sakafu inang'aa hata unajiona uso. Mwenyeji wake alikuwa kijana mtarajali aliyekaribia kumaliza mwaka wake pale. Akamsifia mahali: chai ipo, muda wa kusoma upo, bughudha hakuna. Wakafika wodi ya watoto. Binti akapiga hodi. Kimya. Ya pili, ya tatu. Ninyi mlifundwa nini? Hodi tatu zisipoitikwa, unarudi. Yeye akaingia.

Vitanda vimejaa. Watoto wote wako macho, wamelala chali, wanatazama dari. Hakuna anayelia. Binti akasema moyoni, wagonjwa wa hapa wana adabu. Adabu! Tangu lini kichanga kikawa na adabu?

Kisha akakiona kimoja, sindano imechomoka mkononi, shuka inalowa damu, nacho kinamtazama tu, kama mzee. Mama yake ameketi kando, mikono mapajani.

"Mama, mbona mtoto halii?"

"Tulipokuja alilia sana," mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Wote walilia. Hakuja mtu. Sasa wameacha."

Binti akamgeukia mwenyeji wake. "Umemsikia huyu mama?"

Kijana alikuwa hapo hapo, angenyoosha mkono angemgusa yule mama. Akaangalia huku na huku, akatabasamu.

"Mama yupi?"

Msiniambie alikuwa kiziwi. Simu yake iliita mfukoni, akaisikia, akaipokea.

Binti akakishika kile kichanga, akakibana jeraha. Kiliposhikwa, ndipo kikalia. Kikafuata cha kitanda cha pili, na cha tatu, mpaka wodi nzima ikawa kilio kimoja. Na yule kijana, katikati ya kilio hicho, anaongea na simu yake taratibu, hata sauti hakuipandisha.

Binti alichagua ile ya vurugu. Wala si kwa wema. Aliyahofia masikio yake, yasije yakawa kama ya kijana yule.

Sasa sisi. Tunajisifu kwamba usharika wetu ni mtulivu. Wajane wa benchi la nyuma hawatusumbui siku hizi, na tunasema wamepata amani. Nani aliwauliza? Waliacha kulia kwa sababu walishiba, au kwa sababu walituzoea?

Kabla ya wimbo tunyamaze kidogo. Ukisikia mtu analia, inuka umwendee. Usiposikia kitu, usiniitikie amina. Shika masikio yako kwanza, uone kama bado yapo.