Kifuu cha Bi Panya na Sheria ya Taka

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Sheria!
Na nyuma yake?
— Sheria nyingine!
Haya, nyamazeni. Mimi nimechoka, ila ngano haijachoka.

Mbiu ililia ti! ti! ti! Mfalme Simba ameamuru: marufuku kutupa. Kila taka irudi kwa aliyeitoa, naye aitumie tena. Msimamizi ni Bwana Fisi.

Bi Panya akapiga miayo. Ilikuwa sheria ya tatu tangu vuli. Yeye hajatupa kitu maisha yake. Upawa wake ulipovunjika, mpini aliufanya nguzo, kifuu chake cha nazi akakifanya paa. Chini ya paa hilo walilala watoto sita, hata manyoya hawajaota, na masika yalikuwa mlangoni.

Fisi akaja, kishindo ti! ti!
"Kifuu hiki ni taka."
"Ni paa, Bwana."
"Ni taka. Lete."
"Sheria inasema irudi kwa aliyeitoa. Kwani wewe mnazi?"
"Mimi msimamizi!"

Akakibeba hadi pangoni kwake, kama alivyobeba ngozi ya huyu na pembe ya yule. Kutwa manyunyu yakawanyeshea watoto. Bi Panya alilia mpaka machozi yakakauka, kisha akainuka. Angefanyaje, na watoto wanatetemeka?

Njiani akaona mavi ya Fisi, meupe kwa mifupa. Nani asiyeyajua? Akayasukuma, biringi! biringi!, hadi pangoni.
"Hodi, Bwana Fisi! Taka yako imerudi."

Digidigi akaona, akaleta mavi ya Fisi aliyoyakuta kwake. Nyani akaleta kapu zima la hayo hayo. Biringi! biringi! Lundo likapanda hadi juu ya mlango. Simba akaja kukagua.
"Vizuri sana. Sasa, Fisi, itumie tena."

Fisi akatazama lundo. Akamtazama Simba. Tifu! tifu! tifu! Hajaonekana hadi leo.

Bi Panya akakiburuta kifuu chake hadi nyumbani. Akawahesabu watoto: sita. Akashusha pumzi.

Ti! ti! ti! Mbiu tena. Msimamizi mpya ni Bwana Mbweha.

Bi Panya akatoka nje kwenye mvua, akaanza kuokota mavi ya mbweha, akayaweka akiba.

Funzo, wanangu: msimamizi akija, mpeni paa, msibishane na wakubwa. Na taka tupeni mbali.

Ngano imeisha. Hiyo msiitupe, nirudishieni. Na mimi nina paa, nisije nikanyang'anywa.