Pampu Iliyozibwa na Rangi

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka wako mkuukuu. Msala mzuri wa mpita njia utaondoka na mwenyewe, nawe ubaki huna pa kukaa. Onyo hilo lilimwingia mume wa Mama Miche sikio hili, likatokea lile.

Mama Miche aliuza miche ya matunda na maua. Tegemeo lake lilikuwa trekta dogo la bustani aliloachiwa na marehemu babake, mzee aliyelipaka rangi nyekundu kila mwaka, juu ya ile ya mwaka uliopita. Lilipoanza kuzimika ovyo, mumewe, mpenda vipya asiye na mfano, aling'oa pampu ya mafuta akafunga nyingine ya umeme, mpya, inayong'aa. Ile kuukuu akaitupa kwenye kopo la misumari.

Pampu mpya ilisukuma petroli kwa nguvu mno, kabureta ikafurika, injini ikalowa chapachapa.

"Basi limekufa," alisema mume. "Nimemwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Anakuja saa nne."

"Baba watoto! Trekta la marehemu?"

"Likiwaka kabla hajafika, mimi nitalipaka rangi mwenyewe!"

Mama Miche alitazama saa. Ilikuwa saa tatu na nusu. Aliiokota pampu kuukuu, akakimbilia banda la miche. Ili limuuzie kifaa cha kuitengeneza, duka la vipuri lilitaka namba yake, lakini namba ilikuwa imefunikwa na rangi. Akashika kisu, akakwangua. Rangi ikabanduka vipande vinene kama maganda ya yai.

Namba haikuonekana. Kilichojitokeza ni kitundu kidogo ubavuni, kimezibwa kabisa.

"Ehe!" alipiga kelele. Utando wa ndani ya pampu hupanda na kushuka ili kuvuta petroli, na kitundu kile ndicho pua yake. Masikini babake, kwa mapenzi yake yote, alikuwa akiiziba pumzi mwaka baada ya mwaka!

Alichukua sindano ya kushonea, akakizibua. Akaweka kidole kwenye mdomo wa kuingizia mafuta, akasukuma mkono wa pampu. Kidole kikavutwa! Akacheka peke yake kwa furaha, akarudi mbio na spana mkononi, akaing'oa pampu mpya na kuanza kuifunga ile kuukuu.

Alikuwa akikaza bolti ya mwisho lori la chakavu lilipopiga honi langoni.

"Mke wangu, amekwisha kufika," alisema mume, safari hii kwa unyonge.

"Hajashuka bado!"

Alivuta kamba ya kuwashia. Kimya. Akavuta tena. Trekta likakohoa, likapiga chafya, kisha likanguruma hata miche ikatikisika kwenye vikopo. Mume, aliyetaka liuzwe, ndiye aliyeruka juu kwanza akishangilia kuliko hata mkewe.

Mnunuzi aliingia, akalitazama trekta linalonguruma, akauliza, "Sasa chakavu kiko wapi?"

Mume akamnyooshea pampu mpya inayong'aa. Mnunuzi akaigeuzageuza, akairudisha.

"Hii plastiki tupu, bwana. Sinunui."

Mama Miche alipanda trekta lake, akamwachia mumewe kopo la rangi na brashi.

"Kitundu usikiguse," alimwambia.

Hakika, usiache mbachao kwa msala upitao.