Kucha za Muhanga

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu walioshiba. Mimi pia nimeshiba, basi twende sawa.

Hapo kale sana, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana asubuhi kabla ya kutafunana, palikuwa na Muhanga. Mnamjua muhanga? Masikio ya punda, pua ya nguruwe, ulimi mrefu kuliko umbea. Chakula chake mchwa. Nyumba yake shimo alilochimba mwenyewe.

Muhanga huyu aliogopa kitu kimoja tu, kiangazi. Masika kichuguu huwa laini, unapapasa tu, unakula. Kiangazi kichuguu hukauka kikawa jiwe, na muhanga asiye na kucha imara hufa njaa, mchwa wakimcheka ndani. Baba yake alikufa hivyo hivyo. Basi binamu yake Kidomo, muhanga mwenzake, akamfundisha akiba. Alimwambia kucha huisha kwa kuchimba, kwa hiyo asichimbe ovyo, azitunze mpaka kiangazi. Muhanga akazitunza. Akawa anatembea kwa visigino ili zisiguse chini. Ndiyo, kwa visigino! Chekeni tu, hata mimi ningekuwepo ningecheka.

Kucha zikarefuka. Zikapinda. Zikaanza kumchoma nyayo. Muhanga halali, haimbi, hatembelei mtu. Kazi yake kutazama kucha.

Siku moja ya masika, mvua inanyesha sha-sha-sha, akaja Mama Ngiri na watoto wake watatu. Ngiri si fundi wa kuchimba, yeye huhamia mashimo yaliyoachwa na wengine. Shimo lake lilikuwa limejaa maji, mumewe alikwisha kuliwa na Chui, na sasa Chui alikuwa anawazunguka wao. Siku tatu wamelala nje. Mama Ngiri hakulia. Aliamkia kwa adabu, akaomba achimbiwe shimo moja, hata dogo.

Muhanga akasema hawezi. Akaeleza habari za kiangazi, na kucha, na baba yake. Mama Ngiri akasema ameelewa, akamtakia heri, akaenda zake. Mtoto wa mwisho alikuwa anatetemeka mpaka mkia.

Muhanga akarudi ndani kwake, pakavu. Akalalia ubavu huu, akalalia ule. Ukavu ule ukamwasha mwili mzima. Mwishowe akasema peke yake, "Mimi nitakufa kiangazi. Wale watakufa leo."

Akatoka na visigino vyake, akawafuata. Akachagua mahali palipoinuka, akaanza kazi. Kwaru, kwaru, kwaru, tupa! Semeni nami.

Kwaru, kwaru, kwaru, tupa!

Ukucha wa kwanza ukakatika ncha, ka! Muhanga akafumba macho. Akaiona njaa ya kiangazi imesimama mbele yake. Akaendelea. Wa pili, ka! Wa tatu, ka! Akaendelea. Jioni shimo likawa tayari. Watoto wakatangulia, kisha Mama Ngiri akaingia kinyumenyume, ndiyo desturi ya ngiri, ili meno yabaki mlangoni. Chui akaja. Akayaona yale meno, akajifanya alikuwa anapita tu.

Muhanga akarudi nyumbani, na njiani akashangaa. Alikuwa anakanyaga kwa nyayo nzima na hakuna kinachomchoma. Akalala fofofo.

Kesho yake akaenda kwa Kalunguyeye, kilema wa mguu. Kwaru, kwaru, kwaru, tupa! Keshokutwa kwa Bibi Mbweha, haoni. Kwaru, kwaru, kwaru, tupa! Hakuna aliyemwita, alijipeleka mwenyewe. Kila anakopita anaamkiwa, anakaribishwa, anaulizwa hali. Akaanza kuimba njiani. Aliimba vibaya, lakini aliimba.

Kidomo akakasirika. Akamuuliza wanyonge wale wanamlipa nini. Muhanga akajibu kwamba hawamlipi kitu, ila moyo wake umekuwa mwepesi. Kidomo akaanza kumlilia kabla hajafa.

Kiangazi kikaingia. Kichuguu kikawa jiwe. Kidomo akatangulia, kucha zake ndefu zimepinda kama mundu. Akapiga, zikateleza. Akapiga tena, zikateleza tena, yeye akaanguka chali. Muhanga akasogea kwenye kichuguu. Akazitazama kucha zake. Zilikuwa fupi, nene, kali kama jembe lililonolewa. Mashimo ya watu ndiyo yaliyozinoa. Haya, wote!

Kwaru, kwaru, kwaru, tupa!

Kichuguu kikapasuka, pwaa! Mchwa wakamiminika. Muhanga alilia kwa furaha, huku analamba. Kisha akasogea kando.

"Njoo ule, ndugu yangu," akamwambia Kidomo.

Kidomo alikula bila kuinua uso, kwa aibu. Kesho yake alfajiri, Muhanga alipotoka shimoni, alimkuta binamu yake mlangoni, amesimama kwa visigino.

"Leo tunamchimbia nani?" Kidomo akauliza.

Basi wanangu, na ninyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: ukijitolea kumsaidia asiye na uwezo, usidhani unajipunguza. Wewe mwenyewe unapata nguvu, unapata usingizi, unapata watu wa kukuamkia, hata kama hukwenda kuvitafuta.

Hadithi yangu imefika kwa Mama Ngiri, imeingia kinyumenyume, na imeishia hapo.