Upinde wa Babu Yake Sultani

Hapo zamani, katika mji uliokuwa ukingoni mwa msitu mkubwa, alikuwako mtu akiitwa Shekue, fukara wa kutupwa, ambaye kila kazi aliyoishika ilimponyoka. Alishona kanzu, ikatoka na mkono mmoja unaoburuta chini. Alifuga nyuki, wakahamia kwa jirani. Naye hakuficha. Watu wakimwuliza hali, hujibu, "Mwili mzima, akili ndiyo inaumwa." Nami niseme kweli, mtu wa namna hiyo nampenda, maana wenye kujisifu nimewachoka.

Basi siku moja mkewe, Mwanakombo, akamwambia, "Bwana wee, chungu changu kimesahau harufu ya nyama. Mchukue huyu jogoo, ukambadilishe kwa upinde mkuukuu, ukatuwindie japo kanga." Shekue akamtwaa jogoo, akashika njia ya sokoni. Na jogoo mwenyewe alikuwa amekonda, hata paka wa mtaani walimtazama kwa huruma.

Katika soko hilo la pinde kuukuu palikuwa na desturi, nayo iliwekwa na babu yake Sultani: mwenye kuuza huuvuta upinde kwanza, hadi sikioni, mbele ya watu, ndipo mnunuzi aushike. Kwani upinde wa zamani huweza kuwa na ufa wa ndani usioonekana, ukavunjika na kumpasua mtu uso. Basi na upasuke uso wa muuzaji. Asiyeuvuta hauzi, awe nani.

Shekue akazunguka vibanda. Wenye pinde wakavuta, naye akajaribu baada yao. Upinde mmoja ukamgomea kabisa, mwingine ukamtetemesha kama mwenye homa, mwingine ukamrukia ukamgonga kidevu, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hata akafika kwa Mzee Nguti, akaonyeshwa upinde mfupi, mwepesi, uliokwisha kupita mikono mingi. Nguti akauvuta, ukapinda vizuri. Shekue akauvuta, akatulia nao, akapiga chafya, na ugwe, ile kamba ya upinde, usimponyoke.

"Huu ndio wangu, mzee wangu," akasema. "Mimi mwanafunzi. Nikichukua mkubwa, swala watakuja kukaa chini wanitazame."

Ikawa wakati huo Sultani Badri anapita na wazee wake wa baraza. Akauona ule upinde, akauliza kwa sauti, "Huo ni wa kuwindia nini, panzi?"

Watu wakacheka, na Shekue akacheka kuwashinda wote. "Panzi, Maulana, lakini awe ametulia."

Hapo kicheko kikazidi, na Sultani hakupenda, kwa kuwa alitaka watu wacheke yake tu. Akaagiza uletwe upinde wa babu yake, uliokuwa umetundikwa ukutani mwa jumba, mrefu kama mlango na mnene kama mchi. Akanena, "Mwanamume wa mji wangu haingii msituni na kijiti. Nakuuzia huu. Bei yake ni nyati, nimwone hapa siku ya Ijumaa. Ukishindwa, wewe na mkeo mtoke katika mji huu, wala msirudi."

Shekue akaogopa, akaogopa kweli kweli, maana Mwanakombo alizaliwa mji ule, na mama yake alizikwa pale. Atamwambiaje? Kwamba alitumwa upinde akarudi na safari? Akainama.

"Maulana, Mola akudumishe. Je, umeniuzia kweli, au umenitania?"

"Nimekuuzia!"

"Na upinde huu ni mkuukuu?"

"Umetoka kwa babu yangu, ewe punguani. Mpya utakuwaje?"

"Basi leo Maulana ni muuza pinde kuukuu, na mimi ni mnunuzi. Nami ni mwoga, bwana wangu, na uso huu ndio pekee nilio nao, japo si mzuri. Nakuomba uuvute kwanza, hadi sikioni."

La haula! Wazee wa baraza wakatazama viatu vyao. Mzee Nguti akakohoa, akasema taratibu, "Ndiyo sheria ya babu yako, Maulana."

Sultani akaona hana pa kupitia. Akakunja mikono ya joho, akaushika upinde, akavuta. Ugwe haukujongea. Akavuta tena, mishipa ikamsimama shingoni, kilemba kikamwangukia machoni, mguu ukateleza, na Sultani Badri akaketi chini kwa kishindo, katikati ya soko lake, upinde magotini.

Watu wakajiziba vinywa kwa viganja. Shekue akaja akaketi chini karibu naye. "Umenishinda, Maulana," akasema. "Mimi ningeanguka hivi hivi, ila ningelia pia."

Sultani akamkazia macho. Kisha bega likamtikisika, akaanza kucheka, akacheka hata machozi yakamlowesha ndevu, na soko zima likacheka naye. "Shekue," akasema alipopata pumzi, "nimeutundika upinde huu ukutani miaka yote, na kila mgeni nimemwambia nauvuta kwa mkono wa kushoto."

"Na mimi nilimwambia mke wangu kuwa najua kushona."

"Kaeni mjini mwangu, wewe na mkeo. Na upinde wako nitakulipia mimi. Rudi nyumbani na jogoo wako."

"Na yule nyati, Maulana?"

"Mwache aishi."

Sultani akainuka, akajipangusa, akaamuru upinde wa babu urudishwe ukutani. Wazee wa baraza wakatangulia kuondoka, wakidhani shughuli imekwisha. Lakini yeye akabaki nyuma, akatazama huku na huku, kisha akamwinamia Mzee Nguti sikioni.

"Mzee wangu," akanong'ona, "huna mwingine kama ule wa Shekue?"